Mizani ilinikatisha tamaa, futi ikanirudisha

Mimi ni fundi cherehani. Nimepima viuno vya watu miaka mingi, changu nikakisahau. Siku niliyopimwa kliniki, muuguzi akasoma sentimita 104. Kwa hesabu yetu mafundi hiyo ni inchi 41. Akaniambia mwanamume akivuka 94 inabidi ajiangalie, kwa kuwa mafuta yanayojazana tumboni kuzunguka ini na utumbo yana madhara kuliko yale ya chini ya ngozi.

Nikaacha soda na chapati za asubuhi, ugali wa usiku nikaukata nusu, dukani nikawa naenda kwa miguu. Wiki ya kwanza zikaondoka kilo mbili na nusu. Nilitamba kijiweni! Wiki mbili zilizofuata mizani haikusogea kabisa. Nikarudi kliniki nimenuna.

Yule dada akacheka. "Baba, yale yalikuwa maji zaidi." Kumbe ini na misuli huweka akiba ndogo ya wanga, na kila gramu yake hukaa na maji gramu tatu hivi. Ukipunguza kula, hiyo huchotwa kwanza na maji yake unayakojoa. Mafuta ni akiba ya masika na kiangazi: yamejaa ndani ya seli zake karibu bila maji, na gramu moja ina kalori 9, wakati wanga una 4. Hayaishi kwa wiki.

Nikamuuliza, je, seli zenyewe zinakufa ukikonda? Akasema kwa mtu mzima idadi yake haibadiliki sana. Kila mwaka kama moja katika kumi hufa, nyingine ikashika nafasi yake. Kinachopungua ni ukubwa wa kila seli. Hapo nikaelewa kifundi: ukibana suruali ya mteja hukati kitambaa, unakiacha ndani ya mshono. Akinenepa, unafumua.

Mizani nikaachana nayo. Kila Jumamosi kabla ya chai najipima kwa futi, pumzi nimeitoa, bila kuvuta tumbo ndani (wateja wangu wanaume wote huvuta, nawaona). Mwezi wa nane nikafika inchi 37. Msimu wa harusi pilau ilinirudishia inchi moja, nikahangaika nayo mwezi mzima. Suruali zangu mbili nimeshazibana. Kitambaa cha ziada kipo kwenye mshono wa nyuma, sijakikata.