Nilivyokiweza Kiingereza cha kale baada ya kutupa ile listi ya kukariri

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo. Wiki iliyopita kuna mdogo wangu mmoja kaanza kozi ileile niliyopita mimi, kaniuliza dada ulisomaje, nikamuuliza wewe umeambiwa usomeje, akanitolea karatasi. Ile ile! Listi ya maneno ya Kiingereza cha zamani, "forsooth", "prithee", "hark", "yonder", kama mia tatu hivi na maana zake pembeni, eti kariri hizi umemaliza kazi. Nilichoka kabisa.

Mi nilizikariri hizo jamani. Nafanya kazi nyumba ya wazee huku Yorkshire, shifti za usiku mara nyingi, masomo jioni, kwaiyo nilikata maboksi ya konfleksi nikatengeneza kadi, upande huu neno upande huu maana, nikawa nazo mfuko wa yunifomu. Kwenye basi nakariri, maji ya chai hayajachemka nakariri, mwezi mzima. Siku nimekaa na Chaucer mwenyewe, yule mshairi aliyekufa mwaka 1400, kwenye ukurasa wa kwanza kadi zangu zilizonisaidia hazikufika tano. Na hapo nikajiambia basi hizo zingine nitabahatisha, si Kiingereza tu.

Sasa shida sio maneno mageni. Neno geni ukiliona unajua hulijui, unafungua kamusi, yameisha. Linalokumaliza ni lile unalodhani unalijua.

Kwenye utangulizi wa hadithi zake za Canterbury kuna jamaa anaitwa Summoner, yaani tarishi wa mahakama ya kanisa, kazi yake kuwaita wenye dhambi waje kushtakiwa. Uso umejaa mapele mpaka watoto wanamwogopa, anapenda vitunguu na vitunguu saumu, na ukimpa kama lita moja ya mvinyo anakuachia ukae na hawara wako mwaka mzima. Alafu kuna mstari unasema huyu bwana alikuwa nao "in daunger" wale "yonge girles" wa dayosisi. Mi nikasema ahaa, hapa ndo penyewe. Wasichana wadogo, hatari, mtu wa kanisa. Nilitiririka kurasa tatu kwa uchungu, nikawatetea wale mabinti kama ni wadogo zangu wa kuzaliwa, nikamlaani yule tarishi na uzao wake, aya ya mwisho nilipoirudia kuisoma machozi yalinilenga. Nikatuma saa nane usiku nikaenda kulala kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja.

Esei ikarudi. Tyuta kazungushia duara maneno mawili tu, "girles" na "daunger", na alama ya kuuliza pembeni. Nikaenda kwenye kamusi nimenuna. Kumbe enzi zile "girl" ni mtoto au kijana tu, awe wa kike awe wa kiume. Na "daunger" sio hatari, ni mamlaka, ni kuwa mkononi mwa mtu, neno limetoka Kifaransa cha zamani na mzizi wake ni Kilatini cha "bwana". Hatari ilikuja baadae, maana ukishakuwa mkononi mwa mtu anayeweza kukuumiza basi ndo hivo tena. Kwaiyo Chaucer alichosema ni kwamba vijana wa dayosisi alikuwa amewashika anavyotaka na siri zao anazijua. Kurasa zangu tatu zilikuwa zinachambua hadithi ambayo hakuna aliyeiandika.

Dawa nilikuja kuipata kazini, kwa mzee mmoja ambaye mpaka leo hajui kama alinifundisha. Ana miaka themanini na kitu, wa hukuhuku, "wewe" yeye anasema "tha" na "thee", na miezi ya kwanza mi nilidhani ni meno ya bandia yanamsumbua. Usiku mmoja wa Januari kapiga kengele, nimeingia ananiambia "I'm starved, lass". Masikini mzee njaa inamuuma. Nikakimbia jikoni, tosti mbili, siagi. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akarudia, "I said I'm starved". Nikaenda kuongeza jemu. Nimerudi na jemu yangu nakuta mwenzangu wa shifti, mwenyeji, anamfunika blanketi la pili huku anacheka hana mbavu. Wazee wa kaskazini mwa Uingereza wakisema wako "starved" ujue wamepigwa na baridi! Nikafungua kamusi palepale koridoni. Zamani hilo neno lilikuwa "sterven", maana yake kufa, kufa kwa chochote kile. Baadae Kiingereza cha kawaida kikalibakizia kufa kwa njaa, huku likabaki na baridi. Tosti alikula lakini, na jemu yake.

Asubuhi ile kadi zote nilizitupa. Nikaanza upya na kanuni moja, naandika kadi ya neno ninalolijua tu. "Meat" ni chakula chochote, hata majani, ndo maana kwenye kitabu cha Mwanzo, Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mungu anampa mtu mimea iwe "meat". "Deer" zamani kabisa ni mnyama yeyote. "Silly" alianza kama mtu aliyebarikiwa, akawa asiye na hatia, akawa wa kuhurumiwa, akaishia mjinga, safari ndefu hiyo. "Corn" ni nafaka yoyote, Biblia hiyohiyo ikisema wanafunzi wa Yesu walichuma "corn" sio mahindi, mahindi yametoka Amerika na yalikuwa hayajafika upande huu wa dunia. Na "let" ilinitesa kuliko yote, maana kuna "let" ya kuruhusu na kuna nyingine ya zamani ya kuzuia, maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana sura, na ile ya kuzuia haijafa, pasipoti ya Uingereza mpaka leo inaomba mwenye nayo aachwe apite bila "let".

Hila nyingine, na hapa mnisamehe nitajisifu, ni kumsoma Chaucer kwa sauti kama unasoma Kiswahili. Kweli tena. Vokali za Kiingereza zilianza kuhama kwenye miaka ya 1400 zikaendelea kuhama miaka mia mbili na zaidi, kabla ya hapo "a" ilikuwa a na "i" ilikuwa i kama zetu tu. "Name" ni na-me. "Time" ni ti-me, ila ile e ya mwisho inamezwa neno linalofuata likianza na vokali. "Knight" ile k unaitamka, na gh yake iko karibu na kh ya Khamis akitamkwa na mtu wa pwani. Wenzangu darasani, Waingereza wa kuzaliwa, wanakwama kila mstari, mtoto wa Muheza nateleza tu. Tyuta akasema hebu rudia wenzako wasikie. Nilirudia. Polepole, ili iwaume vizuri. Na mwanzo wenyewe unasema mvua tamu za Aprili zimeutoboa ukavu wa Machi mpaka kwenye mizizi, sasa mtu uliyekulia kwenye masika unahitaji kuelezwa nini hapo? Hata ile "y" ya mwanzoni kwenye "yronne" na "yclept" iliyowachanganya wote, kwangu ni kama "me" yetu tu, kitu kimeshafanyika, "imekimbia", "ameitwa". Sie watu wa viambishi haitushangazi.

Ikaja zamu ya Biblia ya King James, hiyo ya 1611, nikafika Marko sita pale binti wa Herodia anataka kichwa cha Yohana, apewe "by and by in a charger". Nikacheka peke yangu, baadae, kwenye chaja. Nikampigia mama Muheza, yeye Anglikana wa tangu tumboni na Union Version, Biblia yake ya Kiswahili, haikai mbali.

"Shikamoo mama, hebu nisomee Marko sita kwenye kichwa cha Yohana."

"Marahaba. Saa hizi? Kuna nini mwanangu, unaumwa?"

Akasoma. Kichwa katika kombe. Nikamuuliza kombe gani mama, kama la mpira? Kimya kidogo, alafu, "Kombe ni sahani kubwa we mtoto, bibi yako alikuwa nalo la kupakulia wali wa sikukuu, wewe unajua la mpira tu." Basi hapo nilikaa kitako. "Charger" nayo ni sahani kubwa! Waingereza neno lao limewakimbilia kwenye simu, letu limekimbilia uwanjani. Na "by and by" enzi hizo ni sasa hivi, sio baadae, binti alikuwa na haraka zake.

Tangu siku hiyo nikikwama kwenye King James naangalia ya mama kwanza. Luka ishirini na mbili, Yesu anamwambia Petro Shetani anawataka "you", lakini nimekuombea "thee". Mwingereza wa leo hapo haoni kitu, kwake wote ni "you". Ya mama inasema wazi, ninyi, alafu wewe. Wingi na umoja, yameisha, kuna wenzangu waliandikia esei nzima hiyo. Ila angalia, "thou" ukimpa mkubwa wako ilikuja kuwa tusi, kama vile mtu mzima umwitie "we!" barabarani. Mwaka 1603 mwanasheria wa serikali Edward Coke alimrushia mshtakiwa Walter Raleigh hiyo "thou" mahakamani makusudi kumdhalilisha. Mzee wangu wa tosti akiniambia "tha" ni mapenzi lakini.

Kamusi natumia ile ya Kiingereza cha kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, iko bure mtandaoni, kila neno lina mifano na miaka yake. Tahajia za zamani hazitulii, ukikosa neno badilisha y na i, au u na v, utalipata. Chaucer wangu nilimnunua mtumba, paundi kama nne au tano, ana madoa ya chai ya mtu. Zile apu za kugeuza Kiingereza kiwe cha kale achana nazo, zinapachika "-eth" kila mahali mpaka "I goeth", wakati "-eth" ni ya yeye na "-est" ni ya wewe.

Esei ya pili niliandika juu ya neno moja tu, "daunger", kwa kisasi. Nikapata sitini na nane. Pembeni ya aya ninayoipenda kuliko zote tyuta kaandika neno moja, "nice". Kwa Chaucer "nice" ni mpumbavu. Sijamuuliza alimaanisha ya karne ipi.