Mipaini yangu ya Kasulu, kuanzia kwenye koni

Wengi huku Kasulu, Kigoma, hununua miche ya mipaini ikiwa tayari kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea. Mimi nilitaka kuanzia kwenye koni zenyewe, yale mafumba ya magamba yanayobeba mbegu, maana mbegu ya kununua huwezi kujua imekaa muda gani.

Koni nilizipata kwenye mipaini mizee ya misheni moja, aina ya patula, ambayo asili yake ni Meksiko. Koni zake ni kaidi: hata zikikomaa hubaki zimefumba juu ya tawi kwa miaka, zikisubiri joto kali. Basi huokoti mbegu chini. Unapanda juu, unakata za kahawia, za kijani unaziacha. Nilizianika kwenye turubai, jua la Juni likazipiga mpaka zikaanza kualika na magamba kufunguka, mbegu zikadondoka na vibawa vyake. Nilizifikicha viganjani kuondoa vibawa, nikaziloweka usiku kucha, kisha nikazisia kwenye mchanga niliokwisha kuumwagia maji yanayochemka, kwa ajili ya ule ukungu unaoozesha miche shinani.

Udongo wa viriba ndio wenye kazi. Mpaini huishi na kuvu fulani mizizini. Kuvu huutafutia fosforasi, kirutubisho cha udongoni, nao huilisha sukari. Shamba lisilowahi kuwa na mipaini huwa halina kuvu hiyo, na miche hudumaa, ikawa ya njano. Nikarudi misheni.

“Shikamoo mzee. Naomba udongo wa chini ya mipaini, debe moja tu.”

“Marahaba mwanangu. Wenzako huja kuomba kuni, wewe udongo?”

Akacheka, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyefukua majani makavu na kunionyesha palipo na nyuzi nyeupe. Debe hilo nililichanganya na madebe tisa ya udongo wa kawaida.

Miche niliihamishia kwenye viriba ikiwa bado kama njiti za kiberiti, ganda la mbegu likiwa kichwani. Kivuli cha nyasi, maji asubuhi na jioni, basi.

Mvua za Januari zilinikuta nimeshachimba mashimo, mita 3 kwa 3. Upande wa kijito niliacha mita 60, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Miche iliyozidi niliwauzia majirani, na kila mmoja nilimwambia asikung’ute udongo wa kiriba anapopanda.