Siku moja maishani mwangu: nasaga terazo Mwanza

Saa 11 na nusu alfajiri naamka Mabatini, mgongo umeshaamka kabla yangu. Chai ya rangi, kiporo, daladala. Saa 2 kasoro niko saiti upande wa Nyegezi, na kijana wangu ameshavuta mpira wa maji.

Watu wakisikia "fundi terazo" wanadhani kazi ni kumwaga sakafu ya saruji na vipande vya marumaru. Kumwaga ni siku moja. Kusaga ndiko kunakotoa roho: mashine inazungusha mawe matatu, wewe unaiswaga huku na huku kama ng'ombe mkaidi, maji yanatiririka chini yake. Unaanza na jiwe la kukwaruza, namba 36, mpaka vipande vya marumaru vichomoze kwenye saruji. Kisha 60, 120, 220, 400. Kila jiwe linafuta mikwaruzo ya lililotangulia na kuacha yake, midogo zaidi. Sakafu mnayoisifia kwamba inang'aa imejaa mikwaruzo, ila jicho haliioni tena.

Saa 4, tope. Jeupe, zito kama uji, limefika kwenye vifundo vya miguu. Tunalikokota, tunalimwaga, linarudi.

Saa 6 sebule ilikuwa imefika 400. Namba ya raha hiyo, mashine inateleza yenyewe. Ndipo mwenye nyumba akaingia na wageni wawili, kuwaonyesha.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mama." Hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na ulikuwa mchana, lakini nikaitikia hivyo hivyo.

"Mbona maji mengi hivi? Bili nalipa mimi."

Nikamwambia maji yanapoza jiwe na kuondoa tope.

"Si ndiyo yanayosaga? Ona Jiwe la Bismarck, ziwa limelisaga mpaka likawa vile."

Nikanyamaza, maana hela yangu ilikuwa kwake. Ila nitasema hapa. Maji matupu yanaosha. Kinachokwangua ni mchanga na kokoto yanazobeba. Na Bismarck, ule mwamba wa graniti uliosimama ziwani hapa Mwanza, si kazi ya mawimbi kwa sehemu kubwa. Graniti yetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nayo ina nyufa zinazokatana. Maji ya mvua yalipenya humo ikiwa bado imefunikwa na udongo, yakaiozesha, pembe zikitangulia kwa sababu zinaliwa kutoka pande zaidi ya moja. Udongo ulipoondoka likabaki jiwe juu ya jiwe, mviringo. Ziwa lilikuja kusafisha tu.

Wageni wakatoka. Nikawasha mashine. Haikupita dakika, ikalia *kriii*, sauti ambayo fundi terazo anaisikia kwenye meno.

Nikazima, nikamwaga maji, nikafuta, nikalaza tochi sakafuni. Miduara. Nusu miduara myembamba kama unywele, imepandana kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo. Tukageuza mashine, nikapapasa jiwe kwa ukucha mpaka nikaipata: chembe moja ya mchanga, angavu kama kioo. Nje kulikuwa na lundo la mchanga wa plasta, na wageni walikuwa wamekatiza juu yake na ndala zao.

Ile ilikuwa kwatzi. Graniti ikioza, sehemu kubwa inageuka udongo, kwatzi inabaki mchanga. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7. Marumaru ni 3. Hapo hakuna mashindano. Barafu nayo hufanya hivi hivi: yenyewe laini, lakini mawe iliyoyashika kwa chini ndiyo yanayochora mwamba. Bonde la Teleki kule Mlima Kenya lilichongwa na barafu ya namna hiyo. Upepo wa jangwani nao hauli mwamba mpaka ubebe mchanga, na kwa kuwa mchanga haurukii juu sana, mwamba huliwa zaidi karibu na chini, kichwa kikabaki kipana kama uyoga.

Mama akarudi, akaona miduara. "Mashine yako mbovu, fundi. Hapo nakukata."

Nikamwonyesha chembe kiganjani. Akaitazama kama namwonyesha chawa. "Hako ndiko kaharibu sebule nzima?" Tukabishana, akampigia mumewe, mume akataka kuongea na mimi, salio likaisha, akapiga tena. Mwisho akakubali kutokata, akakataa kuongeza. Ndala za wageni wake hazikutajwa na mtu, wala mimi sikuzitaja.

Nikajaribu 220, mikwaruzo haikutoka. Nikarudi 120. Sebule nzima, maana ukisaga kipande kimoja unachimba bonde. Baada ya hapo sikutazama saa. Mikono ikafa ganzi, kijana akasinzia ameshika mpira wa maji, jua likazama ziwani bila sisi kuliona. Kabla ya kuondoka nilifunga kamba mlangoni na kuweka gunia lililoloa la kufutia miguu.

Nyumbani nikaweka dole gumba kwenye simu. Ikakataa. Cha pili, ikakataa. Mwaka jana niliposajili laini walinigandisha dirishani nusu saa, mashine yao inasema sina alama za vidole. Mke wangu akaichukua, akaweka chake, ikafunguka.