Kila mtu na chungu chake: tulivyopanga chakula cha pamoja Kigoma

Ukimwambia mtu wa Kigoma kwamba mnaanzisha kundi, swali la kwanza ni mchango shilingi ngapi, na la pili ni nani mweka hazina. Sisi hatuna mweka hazina. Kila mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, kila mtu anakuja na chungu alichokipika kwa mkono wake, tunakula, tunaulizana mapishi, tunaosha vyombo, tunatawanyika. Hakuna hela inayopita mkononi mwa mtu. Hilo nililishikilia tangu mwanzo na bado nalishikilia, maana nimeona vikundi vya akina mama vikivunjika kwa hesabu za daftari, na watu waliokuwa wanapendana hawasalimiani tena.

Wazo lenyewe lilizaliwa soko la Mwanga. Mtaani kwetu utakuta Muha wa Kasulu, Mmanyema wa Ujiji, Mbembe, mtumishi aliyehamishwa kutoka Moshi, na familia iliyovuka ziwa kutoka Kongo. Mji huu ndivyo ulivyo; ziwa lilileta watu wake, na reli ilipofika mwaka 1914 ikaleta wengine. Jioni kila nyumba ina harufu yake, na kila nyumba inakula mlango umefungwa. Siku hiyo nilikuwa nachagua dagaa kwenye meza moja na mama wa Ujiji, nikamsikia akimweleza muuzaji anavyotaka kwenda kuwapika. Mimi nimezaliwa hapahapa, na dagaa wa namna ile sijawahi kuwaonja. Nikamwomba anifundishe. Akasema, "Mwanangu, kupika hakufundishwi sokoni. Njoo nyumbani, na sufuria yako usiisahau."

Nikaenda na sufuria yenye maharage ya Kasulu niliyoyaunga kwa mawese. Tukala vyote viwili. Mwezi uliofuata tukaongeza dada mmoja muuguzi, jirani yangu, na mzee mstaafu wa reli ambaye amefanya kazi vituo vingi kuelekea Tabora na anapika kuliko wengi wetu. Kundi likaanza hivyo.

Sasa kupanga. Jambo la kwanza lililotupa kazi ni tarehe. Wengine walitaka mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Wengine walitaka Jumapili ya kwanza. Mama wa Ujiji akatuuliza swali moja tu: hiyo Jumapili ya kwanza mwezi utakuwa wapi? Alikuwa na maana ya mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanatoka na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za betri na sola, dagaa wanafuata mwanga, na migebuka wanawafuata dagaa kwa sababu ndio chakula chao. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haina nguvu tena, na mitumbwi mingi inapumzishwa mpaka giza lirudi. Ukipanga chakula kwenye mwezi wa kumi na nne utaishia kununua samaki wachache kwa bei ya juu. Ukipanga karibu na mwezi mwandamo, kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga samaki wamejaa.

Basi tarehe yetu ni Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwandamo. Hatuandikiani kalenda. Wenzetu Waislamu wanaujua mwezi uko wapi siku zote, wanatutangazia.

Tatizo likabaki la kurudi nyumbani, kwa sababu usiku wenye samaki wengi ndio huohuo usiku wa giza, na njia nyingi za mitaa yetu hazina taa. Baadhi ya akina mama walisema afadhali mbalamwezi na samaki haba kuliko kujikwaa gizani na sufuria. Nilikubaliana nao kuhusu hatari, ila samaki sikutaka kuwaachia. Tukasogeza saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, jua linazama kama nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Tukianza kula saa 11 jioni, tunapata muda wa kutosha wa mwanga, Magharibi inawakuta wanaoswali wameshanawa, na wa mbali wanapanda bajaji au daladala ya Ujiji mapema.

Jambo la pili ni nani alete nini, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo vyakula vya pamoja vinapoharibika. Ukisema "kila mtu alete anachopenda", watu watano wataleta wali. Wali ni heshima, hakuna anayetaka kuonekana ameleta mboga. Kwa hiyo wiki moja kabla, mwenyeji anapita au anapiga simu na kugawa mafungu: wawili wanga, wawili kitoweo cha samaki au nyama, wawili mboga za majani, mmoja maharage au kunde, mmoja kachumbari na pilipili, mmoja matunda, mmoja kahawa. Anagawa fungu tu. Ndani ya fungu lako unapika unachokijua kwenu, na hilo halina mjadala. Aliyepewa mboga anaweza kuja na sombe (kisamvu), mlenda, lengalenga au majani ya maboga kwa karanga. Mwezi unaofuata mafungu yanazunguka, aliyeleta wali analeta mboga.

Tulipofika hapo ndipo mboga zilipopata heshima. Dada wa kutoka ng'ambo ya ziwa alipoleta sombe yake, wapenzi wa wali walikwenda kuongeza bakuli la pili na wali ukapoa. Alikuwa ameitwanga kwenye kinu mpaka ikalainika kabisa, akaichemsha muda mrefu chungu kikiwa wazi, halafu ndipo akatia mawese, kitunguu, nyanya chungu na vipande vya samaki mkavu. Alituambia bila kuficha kwamba anayeharakisha sombe anajitafutia maumivu ya tumbo, na yuko sahihi: majani ya muhogo yana sumu ya asili ambayo hupungua kwa kutwanga na kuchemsha vya kutosha. Muhogo mchungu nao ndivyo, unalowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kusagwa. Bibi zetu walijua haya kabla ya kuja maabara.

Kuhusu kiasi, kanuni yangu ni kwamba usipikie kundi zima. Tukiwa watu 12 na vyungu 10, kila mtu anaonja kijiko au viwili vya kila kitu. Kilo 1 na nusu ya mchele inatosha kabisa. Kitoweo ukipike cha kuitosha familia yako na wageni wawili, basi. Mwanzoni watu walikuwa wanapika kana kwamba ni arusi, chakula kinabaki, na aliyetumia hela nyingi mwezi huu anatoa udhuru mwezi ujao.

Ugali unapikwa palepale. Hili halina mbadala. Ugali wa muhogo uliosafirishwa kutoka Gungu mpaka Bangwe unafika umegeuka kitu kingine, hauvutiki, haushiki mchuzi. Aliyepangiwa ugali anakuja na unga wake na mwiko wake, mwenyeji anatoa jiko na maji, na ugali unaiva wakati wengine wanafungua sufuria. Vyakula vingine vinasafiri vizuri ukivifunga: mfuniko ukae sawa, kanga au kitambaa kipite chini ya sufuria, fundo juu. Kwenye bajaji unaipakata. Kwenye bodaboda sishauri mchuzi hata kidogo. Mwenye hotipoti ndiye apewe vyakula vya maji.

Dada muuguzi ndiye aliyetuwekea sheria ya muda. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kama kinasubiri kuliwa kibaki cha moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60. Kigoma kuna joto na unyevu, kwa hiyo hatuchezi. Samaki na nyama vinapashwa moto mpaka vichemke vikishafika, hata kama mpishi anaapa vimetoka jikoni sasa hivi. Dada huyohuyo ndiye aliyetuomba tupunguze chumvi, maana tuna wazee wenye presha, na kwenye dagaa wakavu chumvi huingia bila mtu kujua. Chumvi inakaa mezani, anayetaka anaongeza. Kila mpishi anasema kwa sauti kilichomo chunguni, hasa karanga na pilipili.

Kuhusu dini hatukuhitaji kikao. Nyama yoyote ichinjwe na Mwislamu, nguruwe na pombe visiingie, ikiwa ni pamoja na kwenye vyombo vya kupikia. Kwaresima, wenzetu Wakatoliki wanaojinyima nyama wanapata samaki, na hapa samaki si adhabu. Mwezi wa Ramadhani meza inahamia kwenye futari na Wakristo ndio wanaotangulia kufika kusaidia jikoni.

Kuna suala ambalo halisemwi hadharani, la asiyekuwa nacho. Kuna miezi mtu hana hata ya kununua nyanya, na hatasema. Atakwambia tu ana mgeni au mtoto anaumwa. Tulipoteza mama mmoja mzuri hivyo kwa miezi kadhaa, nami niliumia, kwa sababu chapati za maji anazopika yeye sijaziona kwingine. Shangazi yangu ndiye aliyepata njia. Alisema kazi nayo ihesabiwe kuwa chungu. Tangu hapo miongoni mwa mafungu kuna la kutwanga sombe kwa mwenyeji kuanzia saa 8 mchana, kuna la kukuna nazi, kuna la kuosha dagaa, ambalo si dogo, maana dagaa walioanikwa chini mchangani wanataka maji mengi kuliko wale wa kwenye vichanja. Mgawaji anayajua mazingira ya watu, anampa mtu fungu hilo kimyakimya, na mezani hakuna anayeuliza nani alileta kitu na nani alileta mikono. Yule mama alirudi.

Mtihani mkubwa ulikuwa mwaka 2024. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kuna waliosema na sisi tufunge mpaka ziwa lifunguliwe. Nilikataa. Ziwa kupumzika ni jambo ninaloliunga mkono, migebuka ya siku hizi si ile niliyoiona utotoni, na kundi linalopenda chakula cha ziwa hili lingekuwa la kwanza kuonyesha kwamba linaweza kusubiri. Wenye dagaa wakavu wa kabla ya kufungwa walileta kidogo kidogo. Sehemu iliyobaki ilijazwa na nchi kavu: ndizi na maharage kwa mtindo wa Buhigwe, kuku wa kienyeji, viazi vitamu, na uyoga mkavu ambao mzee wa reli aliagiza kutoka Tabora, akaupika kwa karanga. Uyoga ule ulizungumzwa mpaka Agosti ikaisha. Mwenzetu wa Kalinzi alitukaangia kahawa ya kwao palepale uani, akaitwanga, tukainywa bila maziwa. Kabla ya hapo nusu ya kundi walikuwa hawajui kwamba mkoa wao unalima kahawa nzuri namna hiyo.

Ziwa lilipofunguliwa, hatukuirudisha meza ilivyokuwa. Tulikubaliana samaki awe fungu moja, si mawili, na fungu la pili la kitoweo libaki la nchi kavu. Ni uamuzi nilioupigania na ninaona umetajirisha meza.

Suala la vyombo lilijitatua kwa desturi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo mtu akiondoka, sufuria yake inatiwa chochote kilichobaki cha mpishi mwingine, isipokuwa samaki aliyekaa muda mrefu. Watoto waliobaki nyumbani wanaonja sombe ya Kongo na dagaa wa Ujiji bila kuhudhuria. Mwanangu wa kiume sasa ikifika Jumatatu ananiuliza tutakula tena lini.

Tulipozidi watu 14 nyumba zikawa ndogo, na foleni ya jiko ikawa ndefu. Tumegawanyika: Ujiji wana meza yao, Mwanga na Gungu tuna yetu, na miezi ya ziwa kufungwa tunakula pamoja uwanjani kwa mama yule aliyeniambia nisisahau sufuria. Mwandamo huu zamu ni ya mzee wa reli. Amesema atapika kuhe, samaki asiyepatikana ziwa lingine lolote duniani, wa kubanika kwanza halafu mchuzi wa mawese na ndimu, na mkewe ameambiwa akae na wageni, mwiko asiuguse. Mimi nimepangiwa kachumbari.