Tarehe za Mwisho Zisizo za Kweli

Mwaka jana kila kazi niliyoiandika katika simu yangu niliipa tarehe ya mwisho: kutafsiri mkataba wa mteja, kumwandikia shemeji, kupeleka kiti kwa seremala, hata kumaliza kitabu nilichoazimwa. Kila asubuhi nilikuta mistari zaidi ya kumi imegeuka kuwa myekundu, na kwa kuwa nilijua kwamba mingi kati yake ingeweza kungoja bila madhara, nikazoea kuisogeza yote hadi kesho bila kuisoma. Siku moja niliisogeza pamoja na zabuni ya tafsiri iliyokuwa ikifungwa jioni hiyohiyo huko Kinshasa. (Saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu za Lubumbashi kwa saa moja, nami nilizoea kuihesabu saa hiyo kuwa akiba yangu, safari hiyo hata akiba haikufaa kitu.)

Tangu hapo siandiki tarehe kabla ya kujiuliza ni nani, au ni nini, kitakachokataa siku ikishapita. Wanaofyatua matofali pembezoni mwa jiji hawahitaji simu ya kuwakumbusha, kwani wanajua kwamba mvua za Novemba zikikolea, tofali bichi ambalo halijachomwa hurudi kuwa udongo. Kiti changu hakina mvua inayokitishia. Nimekihamishia kwenye orodha isiyo na tarehe, ambayo huipitia kila Jumapili jioni.

Mwanahistoria Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka hadi ijaze muda wote iliopewa, na wapo wanaoshauri, kwa sababu hiyo, kwamba mtu ajitungie tarehe za karibu. Mimi nimeshindwa, kwa sababu tarehe niliyojitungia najua pia namna ya kuihalifu. Nikimwahidi mteja kurasa kumi za kwanza siku ya Jumatano, hapo tarehe inakuwa ya kweli, maana kuna mtu anayesubiri.

Tarehe ya kweli nayo haitoshi bila siku ya kuanza. Mkataba wa kurasa 30, kwa mwendo wangu wa kurasa 6 kwa siku, ni kazi ya siku 5. Naongeza siku 2 kwa ajili ya umeme kukatika, hivyo kazi ya kukabidhiwa tarehe 20 naiandika tarehe 13.

Leo simu yangu ina tarehe nne tu. Kiti bado hakijafika kwa seremala.