Mradi wa seli T: swichi ya Bcl11b sasa inawaka kwenye kompyuta

Hatimaye programu imetoa grafu inayosomeka. Kwa wanaoingia leo: naandika kwa Python kielelezo kidogo cha namna seli changa inavyofikia uamuzi wa kuwa seli T, moja ya seli za kinga ya mwili, pale jeni iitwayo Bcl11b inapowaka. Ni kazi ya jioni, baada ya shughuli za siku, na sijaona jambo la baiolojia lililonishika kama hili.

Seli hizi hutokana na uboho wa mifupa, lakini kuwa T ni jambo linaloamuliwa ndani ya thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya akiondolewa tezi hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, kinga yake huharibika vibaya. Seli ikiingia humo bado haijajifunga kwenye njia moja. Inaweza kuishia kuwa seli za kinga za aina nyingine: seli NK, au hata makrofeji. Seli za tezi yenyewe zimebeba protini ya DLL4, ambayo hugusa kipokezi cha Notch1 juu ya seli changa, na hapo jeni zinaanza kupangwa upya: protini zinazoongoza jeni nyingine hubadilika, TCF-1 na GATA3 zinapanda, PU.1 inashuka taratibu, kisha jeni ya Bcl11b inawaka. Ikishawaka, hakuna kurudi nyuma. Mwaka 2010 watafiti walipoiondoa Bcl11b kwenye seli za panya zilizokuwa tayari kwenye njia ya T, baadhi ziligeuka kuwa kama NK.

Swali linalobeba mradi huu wote ni moja: kama protini zinazohitajika zimeshafika, Bcl11b inasubiri nini?

Jibu lililonifanya nianze kuandika programu lilitoka kwenye utafiti wa mwaka 2018, wa kina Hao Yuan Kueh, Michael Elowitz na Ellen Rothenberg. Kila seli ina nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Walitengeneza panya ambao nakala moja hung'aa njano na nyingine nyekundu, kisha wakazitazama seli zikiwa hai kwa hadubini. Nakala mbili zilizo ndani ya seli ileile, zinazooga katika protini zilezile, hazikuwaka pamoja. Moja iliweza kuitangulia nyenzake kwa siku kadhaa. Maana yake kucheleweshwa kuko kwenye nakala yenyewe, kwa jinsi DNA yake ilivyofungwa, na kufunguka kwake kuna bahati ndani yake.

Hiyo ndiyo kanuni niliyoiweka. Kila saa, kila nakala iliyofungwa inarushiwa shilingi iliyopinda sana: nafasi ya kufunguka ni 1 kati ya 96, yaani wastani wa siku 4. Namba hiyo nimeichagua mimi kwa ajili ya majaribio. Nikaanza na seli 1,000. Baada ya siku 4 hesabu ya karatasi inataka takriban 135 ziwe bado giza, 465 ziwe na rangi moja, na 400 ziwe na zote mbili. Grafu ilikaa karibu sana na hapo. Kundi kubwa kuliko yote ni la seli zenye rangi moja! Nililiangalia kwa muda mrefu, kwa sababu ukiiondoa bahati na kuzipa nakala zote saa ileile ya kufunguka, kundi hilo linatoweka kabisa.

Kisha nikadhoofisha upande mmoja. Mbali na Bcl11b, kwenye kromosomu hiyohiyo, kuna kipande cha DNA kinachoharakisha kufunguka kwake, na wale watafiti walikikata kwenye nakala moja tu. Mimi nimeipunguzia nakala ya njano kasi hadi theluthi. Siku ya 4, nyekundu zilizowaka zikawa kama 630, njano kama 280. Nyekundu haikujali kabisa yaliyoipata njano, kama inavyopaswa kuwa pale tatizo linapobaki kwenye nakala yake.

Bado Notch. Katika utafiti ule Notch ilikuwa hatua nyingine inayokwenda sambamba: inachochea nakala zilizokwisha kufunguka zitoe protini. Kwa hiyo lazima niitenganishe na kurusha shilingi, iwe kigezo chake chenyewe, ili niweze kuizima katikati na kuona nakala iliyofunguka lakini haing'ai. Kigezo hiki nakitaka kikae vizuri, maana NOTCH1 iliyobadilika hupatikana katika zaidi ya nusu ya saratani kali za damu za aina ya T, ugonjwa unaowapata watoto pia.

Baada ya hapo nitaongeza kugawanyika kwa seli, seli zinazozaliwa zikirithi hali ya kila nakala kama seli mama ilivyokuwa nayo. Kumbukumbu ya kompyuta itajaa haraka, kwa hiyo nitaanza na seli 50.