Ludvig Åberg na ile miaka minne ambayo watu wanairuka

Kuna jamaa kazini tukianza stori za gofu lazima aseme "huyu dogo wa Sweden katokea tu kama uyoga 2023", na mi kila siku nabishana naye mpaka chai inapoa. Leo nimeamua nikaandike kabisa maana mdomo umechoka.

Ludvig Åberg kazaliwa Oktoba 1999 Eslöv, kamji kadogo huko kusini mwa Sweden. Sweden baridi kali, nusu mwaka viwanja vimelala, lakini nchi imetoa wachezaji sio mchezo, Annika Sörenstam huyo na mataji yake 72 ya LPGA, ligi ya wanawake, Henrik Stenson aliyebeba The Open 2016. Kwa hiyo dogo hakuanzia jangwani. Ila 2019, badala ya kukimbilia hela, akaenda zake chuo Texas Tech, mji wa Lubbock, kule ni tambarare tupu na upepo unavuma kama unadai deni. Ukijifunza kupiga mpira wa chini unaokata upepo pale, sehemu nyingine zote unaona kama mtelezo.

Sasa hapo ndo jamaa yangu anaporuka. Miaka minne nzima huyu mtu ni mchezaji wa ridhaa! Akawa namba moja duniani kwa wachezaji wa ridhaa, akabeba tuzo ya Ben Hogan, ile ya mchezaji bora wa vyuo Marekani, 2022 na tena 2023, aliyewahi kuibeba mara mbili kabla yake ni Jon Rahm peke yake. Na ukiwa wa ridhaa ukicheza shindano la wakubwa hata ukimaliza juu cheki ya zawadi inakupita hivi hivi unaiangalia. Mi nisingeweza, nasema ukweli.

Lakini alikuwa na hesabu zake. PGA Tour, ile ligi ya gofu ya kulipwa Marekani, walikuwa wameweka utaratibu kwamba anayemaliza wa kwanza kwenye orodha ya wachezaji wa vyuo anapewa kadi kamili ya tour, yaani ruhusa ya kucheza mashindano yao, hapiti mchujo wala nini, na 2023 ndo ilikuwa mara ya kwanza kadi ya hivyo kutoka. Akaichukua yeye. Juni mwaka huo huo akacheza Canadian Open kama mchezaji wa kulipwa, na kuanzia hapo mambo yakaenda mbio mpaka sisi tunaofuatilia tukapotea njia.

Septemba anashinda European Masters kule Uswisi, birdi 4 (birdi ni kumaliza shimo kwa pigo moja chini ya kiwango) kwenye mashimo 5 ya mwisho. Kesho yake, yaani KESHO yake, kapteni Luke Donald anamtaja kwenye timu ya Ulaya ya Ryder Cup, ule mpambano wa Ulaya na Marekani. Watu wakaguna, mtu hajawahi kucheza meja hata moja, yaani yale mashindano manne makubwa ya mwaka! Hakuna aliyewahi kuingia Ryder Cup kabla ya kugusa meja. Halafu Jumamosi asubuhi pale Roma yeye na Viktor Hovland wa Norway wakawekewa Scottie Scheffler, namba moja wa dunia, na Brooks Koepka aliyekuwa ndo kwanza kashinda PGA Championship. Ni ule mchezo wa mpira mmoja mnapokezana kupiga. Wakawachapa 9 na 7. Kwa asiyejua, maana yake mmeongoza kwa mashimo 9 na yamebaki 7, mnapeana mikono shimo la 11 mnarudi nyumbani, watu wengine hawajamaliza hata soda. Haijawahi kutokea kipigo kikubwa hivyo kwenye mechi ya mashimo 18 ya Ryder Cup. Kamera zikamnasa Scheffler anafuta machozi. Nilimuonea huruma kidogo, kidogo tu.

Novemba akashinda shindano la RSM Classic, raundi mbili za mwisho 61 na 61, jumla 253, kaifikia rekodi ya PGA Tour ya mapigo machache zaidi kwa mashimo 72. Haya, uyoga huo?

Ila iliyonikaa kichwani ni Augusta, kwenye Masters, Aprili 2024. Meja yake ya kwanza maishani na Jumapili yuko pale juu anamkimbiza Scheffler. Huku kwetu inakaribia saa saba usiku, nimepunguza sauti ya tivii nisiamshe watoto. Shimo la 11 lina bwawa kushoto kwa grini (pale kwenye nyasi fupi penye shimo), kila mtu anajua, mpaka wapishi wa pale nadhani wanajua, na mpira wake ukaenda huko huko ukazama. Akatoka na dabo bogi, mapigo mawili juu ya kiwango. Nikajua kwisha, sasa ataporomoka. Wala. Uso uleule, hatua zilezile, kama mtu anayeenda dukani kununua mkate. Kamaliza wa pili, 7 chini ya pa (kiwango cha uwanja), nyuma ya Scheffler kwa mapigo 4.

Septemba hiyo akafanyiwa upasuaji wa goti. Januari 2025 akaumwa katikati ya shindano pale Torrey Pines, California, akaporomoka vibaya. Wiki tatu baadaye shindano la Genesis likahamishiwa Torrey Pines kwa sababu ya ile mioto ya Los Angeles, akarudi kwenye uwanja uleule, akafika shimo la 18 la mwisho akapiga birdi, akamshinda Maverick McNealy kwa pigo moja. Dola milioni 4. Nikamtumia jamaa yangu meseji usiku uleule, saa nane na kitu. Kajibu asubuhi: "ana bahati huyo."

Nimeacha.